Kaakaa Lililocheza

Ines, ambaye sasa ndiye anayeshika funguo za maabara yetu ya sauti, ameniomba niandike kurasa chache za kuwatia moyo vijana wanaoanza kazi. Kuandika nitaandika. Kuwatia moyo, hapana. Moyo mnao wa kutosha, tena umepita kiasi. Mnachokosa ni aibu, na mimi ninayo ya kuwagawia ninyi nyote na nyingine ikabaki.

Naitwa Balthazar, Balta kwa wanaonijua, na nyumbani kwangu ni Ngagara, mtaa wa tano, au karture ya tano kama tunavyosema hapa. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuingiza mikono katika vinywa vya watu. Sikuwa daktari, wala sikusomea lugha. Nilikuwa fundi. Wasomi walitaka kujua mtu anapotamka neno ulimi wake unagusa wapi, unagusa lini na unaachia lini, na mimi niliwatengenezea vitu vya kuwaonyesha hayo. Nimestaafu, mgongo unauma, na nilidhani nimemalizana na vinywa vya watu. Halafu mwezi uliopita Ines, ambaye huniita mutama, yaani mzee, akanipigia simu nikiwa mezani.

“Mutama, amahoro. Tuko tunahama chumba. Tumekuta karatoni yako, ndani kuna meno ya plasta mingi. Tutupe?”

“Musitupe kitu!”

“Sawa, mutama, usikasirike. Na tena tumeingiza zile rekodi za zamani mu programu mupya. Zote ziko bien, isipokuwa ule musemaji wa nne. Programu imemutoa yenyewe.”

Imemtoa yenyewe. Nilisukuma sahani pembeni na sikula tena siku hiyo. Simlaumu Ines, ni binti mwenye adabu na anajua kazi. Siilaumu hata programu. Iliona namba iliyokaa mbali na wenzake ikafanya ilivyoagizwa. Lakini huyo msemaji wa nne ana jina. Anaitwa Mwalimu Zaina, alikuwa akiwafundisha Kurani watoto wa mtaa wa Buyenzi, na hii ilikuwa mara ya pili kutolewa. Mara ya kwanza alitolewa na mtu, mbele za watu, na mimi nilikuwepo nimesimama nimeshika waya wa projekta. Kwa hiyo someni haya kwa hasira niliyonayo, msiniombe niipunguze.

Kwanza mjue tulikotoka. Kabla ya waya na kompyuta tulikuwa na mkaa. Msicheke. Unasaga mkaa mpaka uwe laini kama poda ya mtoto, unauchanganya na matone machache ya mafuta ya zeituni, unapaka ulimi wa mtu kwa brashi. Anatamka neno moja, mara moja tu, kisha anabaki kinywa wazi bila kumeza. Unaingiza kioo kidogo ulichokipasha moto kidogo kisishike ukungu, unapiga picha ya kaakaa, yaani ile dari ya kinywa. Penye weusi ndipo ulimi ulipogusa. Ni hayo tu. Wazungu wawili waliandika vitabu vinene kwa mkaa niliousaga mimi nyuma ya jengo, kwa mkaa ule ule tunaopikia maharage.

Siku moja nilimpaka mwimbaji wa kwaya, mtu mzito mwenye sauti nene, nikasahau kumpa limau la kusukutulia. Akatoka hapo moja kwa moja kwenda kanisani kuimba harusi. Alipofungua kinywa bibi harusi akapiga kelele. Yule bwana alinitafuta mtaa mzima wa Rohero, ilipo maabara, akiwa na suti yake na meno meusi, na mimi nilijifungia stoo mpaka akachoka. Hilo ni kosa la kuchekesha. Nawapa mapema kwa sababu lile jingine halichekeshi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ferdinand, fundi wa meno ya bandia, mtu mfupi aliyekuwa akinusa plasta kabla ya kuikoroga kama mwanamke anayenusa maziwa. Alinifundisha kutoa kipimo cha kinywa. Kuna unga wa rangi ya waridi, unaukoroga na maji mpaka uwe kama uji mzito, unaujaza katika kikombe cha chuma chenye umbo la meno, unakibandika juu kinywani, unangoja ugande. Watu wengi hutaka kutapika. Mwambie mtu ainue mguu mmoja na auzungushe. Akili yake itakwenda mguuni na koo litatulia. Tumia maji baridi, hasa sisi wa mji huu wenye joto, la sivyo unga utagandia mkononi mwako kabla haujafika kinywani kwa mtu. Mweke mtu wima, asilale. Mwache apumue kwa pua.

Na lililo kubwa: kipimo kikishatoka kinywani, kifunike kwa kitambaa kibichi na ukimwagie plasta hapo hapo, igande iwe nakala ya kinywa. Ule unga uliogandishwa ni maji matupu. Ukiuacha wazi unakauka, na ukikauka unasinyaa. Kwa macho hutaona tofauti. Mzee Ferdinand alinikuta mara moja nimekiacha kipimo mezani nikipiga soga, akanichapa vidole kwa rula, mimi mtu mzima mwenye mke.

“Ukitoa kipimo uko na dakika, hauko na saa,” alisema. “Na kazi yako usiiangalie ku plasta. Plasta itakusifu tu. Uliza mudomo.”

Nilimwelewa vizuri, na kwa miaka nilifanya hivyo. Msije mkasema baadaye kwamba sikuwa nimefundishwa.

Mkaa ulikuwa na udhaifu wake: ulionyesha wapi, haukuonyesha lini. Na mambo mengi ya lugha zetu yako kwenye lini. Chukua neno la Kirundi la mbwa, imbwa. Mnalisema kila siku bila kufikiri. Pale katikati midomo inafungwa, na nyuma ya ulimi nayo inapanda na kuziba. Je, vinafunga pamoja? Kipi kinaachia kwanza? Tofauti ni ndogo mno, sikio haliikamati. Ndipo akaja yule profesa kutoka Ulaya, jina lake silitaji kwa sababu sitaki kumtukuza, akiwa na sanduku la vidoti vya fedha na nyaya nyembamba kama unywele. Natengeneza kaakaa bandia, ngozi nyembamba ya plastiki inayokaa sawasawa juu ya kaakaa la mtu mmoja na kushikwa na magego yake. Ndani yake napanga vile vidoti. Nyaya zinatoka pembeni mwa midomo. Ulimi ukigusa kidoti, nukta inawaka kwenye kompyuta, ukiachia, inazima. Tukaanza kuona lini.

Kila msemaji ana kaakaa lake. Halivaliki na mwingine, ni kama nyayo za miguu. Profesa alitaka wasemaji kutoka sehemu mbalimbali za mji, na wa nne kwenye orodha akawa Mwalimu Zaina, kwa kuwa watu wa Buyenzi hukulia katika Kiswahili na Kirundi kwa pamoja.

Alikuja asubuhi, mwanamke mrefu, mtandio mweupe, viatu amevivua mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Ukutani tulikuwa na mchoro mkubwa wa kinywa kilichokatwa kati, wa kufundishia wanafunzi. Akausogelea akautazama kwa muda. Halafu akaanza kuweka kidole: hapa inatokea herufi hii, hapa hii, hii inatoka ubavuni mwa ulimi karibu na magego, hii kooni chini kabisa, hii kooni katikati. Hakukosea hata mahali pamoja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakimtazama kwa vinywa wazi.

“Mwalimu, umesomea wapi hii?” nikamwuliza.

“Ku madrasa, Balta. Sisi tunaita makharij, pahali herufi zinatokea. Mutoto wa miaka saba anajua. Musipojua pahali ulimi unakaa, mutasomaje Kurani?”

Akatuonyesha na namna ya kupima urefu wa sauti. Anavuta sauti huku anakunja vidole polepole, kimoja kimoja, na kidole cha mwisho kikikunjwa anaachia. Mwanafunzi mmoja akampima kwa kompyuta mara kadhaa. Kila mara urefu ulikuwa ule ule. Sijaona mtu mwingine aliyekuwa akiujua ulimi wake vile. Nikamweleza profesa. Akasema hayo ni mambo ya dini, tuendelee na kazi. Hasira yangu kwake ilianzia hapo, na ingalikuwa afadhali ningalimkasirikia kwa sauti.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilitoa kipimo cha Mwalimu Zaina vizuri kabisa. Aliinua mguu, akauzungusha, hakutapika. Akaenda zake. Kipimo nilikiweka dirishani, kitambaa nikasema nitakilowesha sasa hivi. Akapita rafiki yangu akaniita tukale. Kulikuwa na mahali Rohero pa brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma, na pilipili ile ya kutoa machozi. Nikasema dakika kumi. Tulikula, tukaagiza tena, tukabishana mpira. Niliporudi jua lilikuwa limehamia dirishani na kipimo kilikuwa kimekauka kingo zote.

Nilijua. Nilikishika mkononi nikajua. Jambo la kufanya lilikuwa moja tu: kukitupa na kumwita tena. Lakini nilimwonea haya yule mama, aliyetembea na jua kutoka Buyenzi, na nilimwogopa profesa, ambaye tikiti yake ya ndege ilikuwa imekaribia. Nikamwaga plasta. Nikatengeneza kaakaa juu ya plasta ile. Likakaa juu yake kama limezaliwa nayo, halina hata nafasi ya kupitisha karatasi. Nikalipiga msasa, nikalisugua likang'aa, nikajisifu.

Ni sheria ya kazi hii kwamba mtu avae kaakaa kwa saa moja au mbili kabla ya kurekodi, anywe chai nalo, apige hadithi, mpaka kinywa kisahau kwamba kuna mgeni. Kila mtu hulalamika mwanzoni. Kila mtu tunamwambia utazoea, na kweli huzoea. Mwalimu Zaina alivaa, akameza mate mara mbili, akalitoa.

“Balta, hii kitu iko inacheza.”

“Utazoea, Mwalimu.”

“Apana, si mambo ya kuzoea. Mi niko najua mudomo yangu. Nikipandisha ulimi nyuma, nikishusha, nayo inashuka.”

“Wote wanasemaka hivyo. Utazoea.”

Ona jinsi maneno mazuri ya kazi yanavyoweza kutumika kumziba mtu kinywa. Alilirudisha, akakaa saa mbili kwa heshima yake, akarekodi maneno yote. Na kaakaa langu, lililofinywa kwa sababu kipimo kilisinyaa, halikushika kwenye magego ya nyuma. Kila alipopandisha ulimi lilishikwa, na kila aliposhusha ulimi lilimfuata chini kidogo, likaulalia. Ulimi wake ulikuwa umeachia zamani, lakini nukta ziliendelea kuwaka. Mashine ikaandika kwamba ulimi wa huyu mwanamke unachelewa kuachia.

Profesa alikusanya watu kabla ya kuondoka, katika ukumbi mmoja pale Rohero: wasemaji, wanafunzi, wakubwa wa idara, na yeyote aliyependa kuja. Akaonyesha picha za nukta ukutani. Hakutaja majina, aliweka namba. Lakini chini ya namba nne aliandika “mwanamke, Buyenzi”, na mwanamke wa Buyenzi mle ukumbini alikuwa mmoja, mtandio mweupe, mstari wa mbele. Vichwa vyote viligeuka. Akasema kwa Kifaransa kwamba msemaji huyu ana kasoro ya utamkaji, huenda ya mishipa, na atatolewa katika utafiti. Kijana mmoja nyuma ya Mwalimu Zaina akamtafsiria jirani, kwa sauti ya kusikika: “Anasema mwalimu iko na ugonjwa wa ulimi.”

Mwalimu Zaina akanyoosha mkono. Akasema kwa utulivu kwamba kile kitu kilikuwa kinacheza kinywani. Profesa akanigeukia mimi, nilikuwa ukutani nimeshika waya wa projekta kwa kuwa plagi ilikuwa haikazi.

“Fundi, lile kaakaa lilikuwa sawa?”

Nikasema, “Lilikaa sawa kwenye plasta.”

Kila neno katika jibu hilo ni kweli. Mnaweza kulipeleka mahakamani. Tangu siku hiyo nawachukia watu wanaosema kweli kwa namna hiyo, na wa kwanza kwenye orodha ni mimi. Mwalimu Zaina hakumtazama profesa tena. Alinitazama mimi. Nikaangalia waya.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Hakuna aliyemtukana. Mzazi mmoja alisema mtoto anahamia madrasa ya karibu zaidi. Mwingine akasema mtoto atapumzika kwanza. Mtamwachiaje mtoto wenu mwalimu wa kusomesha Kurani ambaye mzungu na mashine wamesema ulimi wake ni mgonjwa? Mikeka ikabaki mitupu. Baadaye nikasikia amehamia Gasenyi kwa binti yake, huko mwisho wa mji, na kwamba hafundishi. Nilisikia, nikaendelea kusugua makaakaa ya watu wengine. Miaka kumi na zaidi. Nilipewa cheti cha utumishi mwema siku ya kustaafu, kiko sebuleni, na mke wangu hukifuta vumbi.

Kwa hiyo Ines aliposema programu imemtoa yenyewe, nilivaa viatu nikaenda maabara. Nikafungua karatoni. Kaakaa la namba nne lilikuwepo na plasta yake. Vijana wakakusanyika. Nikamwonyesha Ines, akalipachika kwenye plasta, akalisukuma kwa kidole gumba huku na huku.

“Mbona iko bien, mutama? Haitikisike hata kidogo.”

Nilipiga meza mpaka kompyuta zikaruka. “Ndiyo haitikisiki! Plasta yenyewe ndiyo mwongo! Vyote viwili vimetoka kwenye kipimo kilichosinyaa!” Mmoja wenu aliingia chini ya meza, nilimwona. Sijutii. Mko na mashine mpya ya kuweka chini ya kidevu inayoonyesha ulimi wote ukicheza kama samaki, na ni nzuri, naipenda. Lakini nilimsikia kijana wenu akimwambia bibi mmoja aliyebanwa kichwa kwenye kile kifaa: “Utazoea, mama.” Nilisikia kwa masikio yangu. Ndipo nilipoona lazima niandike.

Nilikuwa na mpango. Nitakwenda Gasenyi, nitamwomba Mwalimu Zaina anipe kipimo kipya, nitamwaga plasta kwa wakati wake, nitatengeneza juu yake kaakaa linaloshika, nitaweka rekodi mbili pamoja na kila mwenye macho ataona. Ushahidi mtupu, bila maneno mengi. Nilipenda mpango ule kwa sababu haukunitaka nifungue kinywa.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anachambua mboga za lengalenga kwenye sinia.

“Salamu aleikum, Mwalimu.”

“Wa aleikum salamu.” Akainua macho. “Balta? We umezeeka hivi? Kaa.”

Nikakaa. Nikatoa plasta mfukoni, nikatoa unga, kikombe cha chuma, chupa ya maji baridi, nikamweleza kwa haraka haraka nilichotaka kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua kinywa.

“Angalia.”

Magego ya juu yalikuwa yameondoka, kulia na kushoto. Kaakaa bandia hushikwa na magego. Hata ningelitengeneza jipya lililo safi kabisa, hapakuwa na pa kulishikiza ili lionyeshe lolote.

“Utashikisha wapi?” akaniuliza, akarudi kwenye mboga zake.

Nikabaki na kikombe mkononi. Ndipo nikamwambia. Kitambaa, dirisha, brosheti, jua, plasta. Na jibu langu pale ukumbini. Nikamwambia anisamehe.

“Mi nilijua siku ile ile,” akasema. “Mudomo ni yangu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa na maneno ya watu ni kingine. Nilirudi nyumbani nikafungua musahafu, nikaanza kusoma. Ulimi unakwenda, na mi naufuata nyuma: umegusa? Umechelewa? Zamani nilikuwa nasoma mbele ya Mungu, Balta. Tangu ile siku niko nasoma mbele ya ule mashine. Sasa nasoma kimya, kwa macho tu.”

Nilitamani anipige na sinia.

“Ile maneno ulisema wapi?” akauliza.

“Rohero. Mu ukumbi.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu.”

“Na leo unaniletea hapa, mu lengalenga zangu, tuko wawili?” Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. “Mi si mutu wa kuambiwa. Mi nilikuwamo! Nenda uambie wenye hawajui. Nenda Buyenzi.”

Nikasema nitakwenda. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, maana alisukuma sinia pembeni akanigeukia mwili mzima, kama mwalimu anavyomgeukia mwanafunzi.

“Utasema nini? Sema, nisikie.”

“Nitasema... kulikuwa na kosa kidogo la kiufundi...”

“Apana. Rudilia.”

“Kaakaa halikuwa limekaa...”

“Apana! Nani alitengeneza?”

“Mimi.”

“Haisikike. Midomo yako haifungukake. Fungua.”

Nikafungua. Nikasema tena. Akanikatiza. Nikasema tena. Kila nilipofika kwenye neno “nilijua” sauti yangu ilikimbia, nalo likapita nusu. Akakunja kidole. “Hapa uko unaruka. Neno hili livute, likae.” Mzee wa miaka yangu, nimekaa kwenye mkeka Gasenyi, nafundishwa kutamka kosa langu neno kwa neno, na binti yake amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo hajui acheke au aondoke. Sijui tulirudia mara ngapi. Mwishowe nilisema yote bila kusimama, akasikiliza mpaka kidole cha mwisho.

Akainuka, akatafuta mtandio wake.

“Twende.”

Tulifika Buyenzi watu wakitoka kusali Alasiri. Walikuwepo wazee wa msikiti, mafundi wa magari na mikono yao ya grisi, wanawake wa maduka, na kati yao wazazi niliowatambua tangu siku ile ya ukumbini. Walimwona Mwalimu Zaina wakaja kumsalimia kwa heshima, kisha wakaona ananitazama mimi. Nikavua kofia.

Nikasema: “Mimi ndiye fundi aliyetengeneza kile kitu mwalimu wenu alichovishwa kinywani. Kilikuwa kibovu. Alisema kinacheza, na nilijua anasema kweli. Ulimi wake hauna ugonjwa wowote, haukuwa nao. Niliulizwa mbele ya watu nikaficha.”

Fundi mmoja wa magari, mtu wa makamo mwenye spana mfukoni, akauliza kama mtu wa kazi anavyomwuliza mwenzake: “Ilikuwa mbovu kwa nini?”

“Niliacha kipimo kikauke juani.”

“Ulikuwa wapi?”

“Nilikwenda kula brosheti.”

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliketi kwenye ngazi ya duka, taratibu. Nilikuja kujua kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtoa mjukuu wake katika madrasa ya Mwalimu Zaina.

Sasa ninyi. Kwenye daftari la maabara, mstari wa nne, nimeandika kwa wino na kutia sahihi. Namba zake zitoeni, sikatai, namba zile ni mbovu. Lakini linalotolewa ni kaakaa langu, yeye hatolewi. Andikeni hivyo popote mtakapozitumia, na msiifiche sababu kwa Kifaransa kizuri. Na mtu akikwambia kifaa kinacheza, kinambana, kinamfinya, usimpe lile neno letu. Kitoe, kitazame, kaa chini umsikilize. Anayekaa ndani ya kinywa kile ni yeye.

Mnaniuliza kama amenisamehe. Hakusema, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Tulitembea pamoja hadi kituo cha basi la Gasenyi, yeye mbele hatua mbili. Basi lilipokuja alishika mlango, akanigeukia.

“Leo herufi zote zimetoka,” akasema, akapanda.